Maswali ya wafugaji: ute, damu na maji ya uzazi wa ng'ombe

Barua nyingi zilizonifikia hapa Tanga tangu kaskazi ianze kuvuma zina kilio kimoja: ng'ombe anapandishwa, hashiki. Nimechagua tano. Baadhi nimezijibu kwa ufupi, nyingine kwa kirefu, kwa sababu zimegusa jambo linaloniuma na ambalo wafugaji wetu hawaelezwi vya kutosha.

Shikamoo Mama Daktari. Nina ng'ombe chotara wa Friesian, amezaa mara mbili. Amehimilishwa, yaani amepandishwa kwa mbegu za kununua bila dume, mara tatu, na kila baada ya wiki tatu anarudi kwenye joto, ile hamu ya kupandwa. Siku ya joto ute unamning'inia mpaka karibu na kwato. Jirani yangu anasema ute ukizidi hivyo unasukuma mbegu nje, na kwamba nimsafishe ndani kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na sabuni kidogo kabla ya kupandisha. Nifanye? — Mfugaji, Pongwe

Marahaba, mwanangu. Usifanye. Usimtie maji ya chumvi, usimtie sabuni, usimtie chochote ambacho hakikuelekezwa na daktari aliyempima ng'ombe huyo. Na huo ute, kama hauna rangi, unapitisha mwanga na unavutika bila kukatika, basi ndiyo habari njema iliyomo kwenye barua yako.

Sikiliza unakotoka. Ng'ombe akikaribia joto, kifuko cha yai kwenye ovari hukua na kumwaga estrojeni kwenye damu. Homoni hiyo ndiyo inayoziamuru tezi za shingo ya kizazi kutoa ute kwa wingi. Ute wa siku hiyo sehemu yake kubwa ni maji, pamoja na chumvichumvi na nyuzi za protini inayoitwa musini. Nyuzi zikiwa zimelowa hivyo huacha vijia ambavyo mbegu yenye nguvu, inayoogelea sawasawa, hupenya. Iliyo dhaifu au yenye kasoro huachwa nyuma. Dume anapopanda mwenyewe humwaga ukeni, kwa hiyo bila ute huo mbegu hazifiki popote. Kwa uhimilishaji mtaalamu huivusha mbegu kwenye shingo ya kizazi na kuiacha mwanzoni mwa mji wa mimba, lakini ute bado una kazi: unatiririka kutoka ndani kuja nje na kuondoka na vijidudu. Unachokiona kimedondoka sakafuni ni ute uliokwisha kufanya kazi yake. Mbegu ulizolipia hazijatoka nao.

Joto likipita na yai likitoka, mambo hugeuka. Mahali yai lilipotoka huota kinundu cha njano kinachotoa homoni nyingine, projesteroni. Ute hupungua, huwa mzito, hunata, na hatimaye huziba shingo ya kizazi.

Sasa fikiria mtu anamimina humo chumvi ya jikoni iliyokadiriwa kwa kiganja. Mbegu na seli za ndani ya kizazi huishi kwenye chumvi ya kiwango maalumu. Ikizidi hunywea, ikipungua huvimba na kupasuka. Sabuni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huyeyusha mafuta ya utando unaoizunguka kila mbegu na kila seli. Na bomba la kumiminia maji hayo? Niliwahi kuitwa kijiji kimoja wilayani Muheza kumwona ng'ombe aliyesafishwa kwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Nilimkuta amesimama, mgongo ameupinda, mkia ameuinua, anajikamua bila kutoa mkojo. Kilichomtoka kilikuwa usaha wa rangi ya maziwa yaliyoganda, wenye harufu iliyojaa banda zima. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee makini, banda lake safi, madini ya kulamba yametundikwa. Alikuwa amefuata ushauri tu. Ng'ombe yule hakuzaa tena, na alikuwa akitoa maziwa ya kusomesha wajukuu. Ndiyo maana nalisema hili kwa ukali.

Basi kwa nini wako anarudi? Kurudi kwenye joto baada ya siku 18 hadi 24 kunaonyesha kwamba mzunguko wenyewe ni mzima. Cha kwanza kuchunguza ni saa. Ng'ombe mwenye damu nyingi ya Friesian hukaa kwenye joto kama saa 12 hadi 18. Mwenye damu nyingi ya zebu, ng'ombe wa nundu, hukaa muda mfupi zaidi, na mara nyingi ni usiku. Yai hutoka kama saa 25 hadi 30 tangu joto lianze, yaani wakati ameshaacha kukubali kupandwa. Likishatoka halikai sana, ni saa chache tu. Ndiyo asili ya kanuni ya zamani: ukimwona amesimama kupandwa na wenzake asubuhi, ahimilishwe jioni, ukimwona jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Wafugaji wengi wa kwetu humwona asubuhi, humpigia simu mtaalamu saa nne, pikipiki hufika siku ya pili mchana. Hapo umechelewa. Tangu leo andika saa uliyomwona kwa mara ya kwanza.

Cha pili ni rangi. Siku ya joto utazame ute kwenye mwanga wa jua. Ukiona nyuzi nyeupe, ukungu, au madoa ya usaha, ndani kuna uvimbe wa maambukizi, hata kama ng'ombe anakula vizuri na hana homa. Siku hiyo usihimilishe. Mwite daktari amtibu, usubiri joto lijalo. Na usishike ute kwa mkono mtupu. Ugonjwa wa brusela humpata mtu kwa njia hiyo, hasa kwa ng'ombe aliyetupa mimba. Vaa glovu.

Mtamba wangu alihimilishwa Jumatatu. Jumatano nikaona damu mkiani. Mimba imetoka? — Mama mfugaji, Mabokweni

Hapana, dada yangu. Hakuna mimba inayoweza kutoka siku ya pili; yai, kama limerutubishwa, bado limo kwenye mrija huko juu. Estrojeni iliyopanda wakati wa joto iliifanya mishipa midogo ya damu ndani ya mji wa mimba ijae. Homoni ikishuka, mishipa hiyo huvuja. Damu hutokea siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya joto, na kwa mitamba ni kawaida kuliko kwa ng'ombe wakubwa. Haisemi ameshika, wala haisemi hajashika. Inachokwambia ni kwamba joto limepita. Hata mfugaji ambaye hakuliona joto lenyewe, akiiona damu hiyo aandike tarehe, na kuanzia siku ya 16 hivi baada ya damu aanze kumwangalia mnyama wake kwa makini.

Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya mifugo Buhuri. Tulifundishwa kwamba maji ya mirija ya uzazi na ya mji wa mimba hubadilika kadiri mzunguko unavyokwenda. Yana nini hasa, na mabadiliko hayo yana maana gani kwa mfugaji? — Mwanafunzi, Buhuri

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote.

Anza na kiasi, uone jinsi lilivyo jambo dogo kwa macho. Mrija mmoja wa ng'ombe kwa siku nzima hautoi maji ya kujaza kijiko cha chai, na siku za joto ndizo hutoa zaidi. Wachunguzi huyapata kwa kuuwekea mrija wa ng'ombe hai kijibomba chembamba kwa upasuaji, au kwa kusuuza viungo vilivyotolewa machinjioni.

Sehemu ya maji hayo hupenya kutoka kwenye damu, sehemu hutengenezwa na seli za ukuta wa mrija wenyewe. Lakini usiyaone kuwa ni damu iliyochujwa. Yana potasiamu nyingi kuliko maji ya damu, na bikaboneti nyingi pia. Glukosi na protini ni kidogo kuliko kwenye damu. Katika asidi amino, glaisini huzipita zingine kwa mbali. Yamo piruveti na lakteti, ambazo ndizo chakula cha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, katika siku zake za mwanzo, kabla hakijaanza kutumia glukosi kwa wingi. Karibu na joto, kwa amri ya estrojeni, huongezeka protini yenye sukari inayoitwa oviduktini, ambayo hulizunguka yai na kugusana na mbegu. Kwa kawaida maji ya mirija yana uchachu mdogo kuliko yale ya mji wa mimba.

Kila kimoja kina kazi. Mbegu inayotoka kwenye dume haiwezi kurutubisha papo hapo. Mwaka 1951 M. C. Chang huko Marekani na C. R. Austin huko Australia, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mbegu lazima ikae kwanza ndani ya njia ya uzazi ya jike ndipo ipate uwezo huo. Kwa ng'ombe, mbegu hufika sehemu ya chini ya mrija, hujishikiza ukutani na kungoja. Wakati wa yai kutoka unapokaribia, maji yenye bikaboneti na sukari za jamii ya heparini huzibadilisha utando, nazo huachia chache chache na kupanda juu. Hazimiminiki zote kwa pamoja.

Yai likirutubishwa, kiinitete hukaa mrijani hadi siku ya 4 au ya 5, kikiwa na seli 8 hadi 16, kisha huteremka kwenye mji wa mimba. Kwenye siku ya 9 hivi huvunja ganda lake. Siku ya 7 hukioni vizuri bila hadubini. Siku ya 17 ni uzi mrefu zaidi ya sentimita 10. Na jambo ambalo ningependa kila mfugaji wa Tanga alijue ni hili: wakati wote huo hakijashikamana na mama yake. Huanza kushikamana kwenye siku ya 19 au 20. Kwa karibu wiki tatu kinaelea, na kila kinachokula, kila kinachokijenga, kinatoka kwenye maji yanayokizunguka.

Maji hayo sasa yako chini ya projesteroni. Ndiyo inayozielekeza tezi za mji wa mimba kumimina protini, asidi amino na mafuta. Projesteroni ikichelewa kupanda, au ikiwa kidogo, maji huwa duni na uzi haurefuki inavyopaswa. Na uzi huo una ujumbe wa kupeleka: kwenye siku ya 16 hivi hutoa protini ya ishara iitwayo interferoni, kumwambia mama kwamba kiinitete kipo. Ukiwa mfupi mno, ujumbe hautoshi. Mji wa mimba hutoa homoni iitwayo prostaglandini, kinundu cha njano huyeyuka, na ng'ombe hurudi kwenye joto siku ya 21 hivi. Mfugaji anasema hakushika. Mara nyingi alikuwa ameshika! Kwa ng'ombe mwenye afya, aliyehimilishwa kwa wakati, yai hurutubishwa katika sehemu kubwa ya majaribio; kinachotushinda ni kiinitete kuishi wiki hizo mbili tatu za mwanzo.

Ukitaka kuona jinsi maji haya yanavyopewa uzito, soma habari za Tervit, Whittingham na Rowson, ambao mwaka 1972 walitengeneza maji ya maabara kwa kuiga yale ya mrija wa kondoo, wakaotesha humo viinitete vya kondoo na vya ng'ombe. Waliviweka kwenye oksijeni ya asilimia 5 tu, wakati hewa tunayovuta ina karibu 21, kwa kuwa ndani ya mrija oksijeni ni kidogo. Maji ya aina hiyo yanatumika mpaka leo. Ndama wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama yake alizaliwa Marekani mwaka 1981.

Nikupe la kufanya kwa mikono yako. Omba maabara kioo cha hadubini. Ng'ombe akiwa kwenye joto, pakaza ute wake kidogo, uache ukauke, kisha utazame. Chumvi iliyomo huganda na kuchora matawi juu ya matawi, kama mvinje za ufukweni zikitazamwa dhidi ya anga. Chukua tena ute wa ng'ombe huyohuyo siku ya 10: hutaona matawi yale, ni vidoa na mafungu yasiyo na umbo. Chumvi na maji ndivyo vimebadilika. Kwa sababu hiyohiyo ute wa siku ya joto hupitisha umeme kwa urahisi kuliko siku nyingine, na vipo vifaa vya kuingiza ukeni vinavyotambua joto la kupandwa kwa njia hiyo. Fanya mwenyewe kabla hujamaliza chuo. Ukiyaona matawi yale mara moja, hutakubali tena mtu akwambie ute ni uchafu.

Mama Daktari, tunalisha ng'ombe wetu lusina kwa wingi pamoja na mashudu ya pamba. Maziwa yameongezeka ila mimba zimepungua. Vinahusiana? — Kikundi cha wafugaji, Muheza

Vinaweza kuhusiana, ndugu zangu, na nimefurahi kwamba mmeliona. Majani ya mti wa lusina na mashudu vina protini nyingi. Protini inayozidi mahitaji huvunjwa tumboni kuwa amonia, na ini huigeuza kuwa urea. Urea husambaa na damu hadi kwenye mji wa mimba. Katika siku za kwanza baada ya joto uchachu wa maji ya mji wa mimba hutakiwa kupungua, ili kiinitete kikute mahali pa kuishi. Kwa ng'ombe mwenye urea nyingi kwenye damu, uchachu haupungui inavyotakiwa. Ng'ombe anapendeza, ndoo inajaa, kiinitete kinakufa.

Msiikate lusina. Ni malisho bora, na wakati wa kiangazi ndiyo mkombozi wenu. Isizidi theluthi moja ya majani anayokula, na iambatane na chakula cha nguvu: pumba za mahindi, molasi, matete yaliyokatwa kabla hayajakomaa. Vijidudu vya tumboni vikipata nguvu huitumia amonia hiyo kutengeneza protini, badala ya kuiacha ikimbilie kwenye damu. Mkiwa na lusina, mashudu ya pamba yapunguzeni. Mkikosa lusina, yarudisheni. Tazameni pia mbavu za ng'ombe aliyezaa karibuni. Kama mnazihesabu kwa mbali, shida yake ya kwanza ni njaa ya nguvu, na ng'ombe wa namna hiyo hata projesteroni yake huwa hafifu.

Kisha kuna hali ya hewa ya kwetu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la pwani humuumiza ng'ombe wa maziwa, na kiinitete huwa dhaifu zaidi katika siku tatu za kwanza baada ya kupandishwa. Siku hizo asifungwe juani. Apate kivuli na maji ya kunywa wakati wote, usiku pia.

Mtaalamu wa uhimilishaji alikuja kwangu kutoka mbali. Ng'ombe alikuwa anapanda wenzake na ute ulikuwa umeonekana. Alipoingiza mkono akasema hampandishi, akaondoka, na nauli nilimlipa. Nimeona nimedhulumiwa. — Mfugaji, Mkinga

Pole kwa nauli, kaka yangu, lakini mtu huyo amekutendea haki. Unasema ng'ombe alikuwa anapanda wenzake. Hujasema kama yeye mwenyewe alisimama akubali kupandwa, na hiyo ndiyo dalili ya kuaminika. Wapo ng'ombe wachache wenye mimba wanaoonyesha dalili za joto. Mtaalamu akiukuta ute mzito, unaonata, na shingo ya kizazi imefunga, ana sababu ya kusimama. Akiilazimisha, anaweza kuivunja mimba ambayo hukujua kwamba ipo. Na hata kama hana mimba, wakati projesteroni iko juu mji wa mimba haupigani na vijidudu vizuri, kwa hiyo kinachoingia na bomba la kuhimilishia hubaki humo na kuleta usaha.

Angekuwa mtu wa kutafuta fedha angeitumia mbegu ile, akakutoza, na wewe ungesubiri miezi bila kujua lililotokea. Mpigie simu umuulize alihisi nini alipopapasa. Kama anashuku mimba, hesabu kuanzia tarehe ya uhimilishaji uliopita, au tarehe dume wa jirani aliporuka uzio, na umwite apime tena baada ya wiki 6 hivi. Ikithibitika, mimba ya ng'ombe ni siku 280 na ushei. Hesabu kurudi nyuma uijue tarehe ya kumwachisha kukamuliwa, siku 60 kabla hajazaa, uiandike ukutani pale unapoweka ndoo.